Walituambia tuandike 2.8.8.1 tunyamaze

Wasee, leo sina stori ya mahusiano wala ya bei ya unga. Leo nataka tuongee kuhusu potasiamu. Usitoroke kwanza. Kama uliwahi kukaa darasa la kemia hapa Kenya ukahisi ni kama unakaririshwa shairi la lugha usiyoijua, hii ni yako.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu amechora miduara ubaoni, kiini katikati, na vidoti vya elektroni vimepangwa kwa mistari kama watoto wa chekechea. Ametuambia ganda la kwanza linabeba elektroni 2, la pili 8, la tatu hadi 18. Akaandika na fomula kabisa, 2n², tukaipigia mstari kwa biki nyekundu. Dakika kumi baadaye tukafika potasiamu, elementi ya 19. Akaandika 2.8.8.1.

Nikainua mkono. "Mwalimu, si ganda la tatu linabeba 18? Hapo liko na 8 tu. Mbona hiyo moja inaenda ganda la nne na bado kuna nafasi 10?"

Aliniangalia vile abiria humwangalia kondakta anayedai nauli mara ya pili. "Hiyo si ya kiwango chako. Andika 2.8.8.1 usonge."

Darasa likacheka. Nikaandika. Nikasonga. Na sikuinua mkono tena kwenye somo hilo mpaka nikamaliza shule.

Sitaji shule wala mwalimu, na hata simlaumu sana, pengine yeye mwenyewe aliambiwa hivyo hivyo miaka yake. Lakini nimebeba hili jambo muda mrefu na leo naliweka chini. Shida yangu haiko kwa 2.8.8.1. Iko kwa ile kunyamazishwa. Kumfundisha mtoto picha rahisi ni sawa kabisa, hakuna mtu anaanza hesabu kwa kalkulasi. Lakini mwanafunzi akigonga mwisho wa hiyo picha, mwambie amefika mwisho wa picha. Usimwache afikirie amefika mwisho wa akili yake.

Miaka ikaenda. Nikaingia chuo, kozi ambayo ndani yake kuna kemia ya mwaka wa kwanza. Wiki ya pili mhadhiri akaingia, akaandika herufi nne ubaoni, n, l, m na s, akasema, "Hizi ni namba za kwanta, mengine mnayajua kutoka shule ya upili." Dakika ishirini baadaye alikuwa ameshafika kwa obitali za d. Tulikuwa zaidi ya watu mia moja mle ndani. Hakuna mkono uliinuka. Sijui wengine walikuwa na sababu gani, yangu naijua.

CAT ya kwanza nilipata 7 kwa 30. Rafiki yangu wa karibu, msichana aliyekuwa na A ya kemia kwa KCSE, na si A ya kuokota, alipata 9. Muhula uliofuata akabadilisha kozi. Aliniambia, "Nimegundua sijawahi kuelewa kemia. Nilikuwa nakariri tu." Hiyo sentensi bado inaniuma kwa sababu haikuwa kweli. Alikuwa ameelewa vizuri sana kile alichofundishwa. Kile alichofundishwa ndicho kilikuwa kimekatwa, na hakuna mtu alimwonyesha kimekatiwa wapi.

Sasa, kilichonifanya niandike leo ni mdogo wangu. Amekuja nyumbani likizo, anarudia mambo ya zamani kwa sababu ya mtihani. Jumapili niko jikoni, yeye yuko mezani na daftari, akauliza bila hata kuinua kichwa: "Dada, mbona potasiamu isijaze kwanza ganda la tatu?"

Na manze, mdomo wangu ukafunguka, na kitu kilichokuwa kinatoka ni "We andika tu."

Nilijishika. Nikazima simu. Nikamwambia aje hapa kwa gesi.

Ukiwa na jiko la gesi unaweza kujaribu hii ukiwa nyumbani. Washa, moto uwe ule wa bluu safi. Chukua chumvi ya kawaida, punje chache tu, na usiinamie karibu na nywele zako. Irushe kwa moto. Bluu inageuka manjano, ile manjano nzito kama ya taa za barabarani za zamani. Ukitumia magadi, ile ya kulainisha maharagwe, utaona manjano hiyo hiyo. Vitu viwili tofauti, rangi moja, kwa sababu ndani ya vyote kuna sodiamu.

Kila mtu shuleni anaambiwa sababu: moto unaipa elektroni ya nje nishati, inaruka juu, halafu ikirudi chini inaitoa hiyo nishati kama mwanga. Sawa. Sasa chukua daftari. Sodiamu ni 2.8.1. Elektroni ya nje iko ganda la tatu. Inaruka inaenda wapi?

Mdogo wangu akasema, "Ganda la nne." Hata mimi ningesema hivyo.

Jibu ni kwamba haiendi ganda la nne. Ile manjano, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, inatoka kwa elektroni iliyotoka ganda la tatu, ikaenda ganda la tatu, ikarudi ganda la tatu. Kama ganda la tatu ni duara moja lenye kiwango kimoja cha nishati, vile tulichorewa, hapo hakuna kitu kimetokea. Umetoka nyumbani ukaenda nyumbani. Hakuna nishati ya kutoa, hakuna mwanga. Lakini manjano uko nayo mbele ya macho, jikoni kwa mamako, na gesi inaisha.

Kwa hivyo ganda la tatu si duara moja. Ndani yake kuna viwango tofauti. Elektroni ya sodiamu hukaa kwa kile cha chini, kinaitwa 3s. Moto unaipandisha hadi 3p, na ikirudi 3s inatoa manjano. Huo mrukaji ni mdogo, kama elektronivolti 2.1, lakini ndio umekuwa ukiangaza barabara zetu miaka yote hiyo.

Mdogo wangu alikaa kimya, halafu akasema, "Kwa nini hawakutuambia hivyo?" Aisee, sikuwa na jibu la kumtetea mtu.

Hebu turudi kwa ile miduara yenyewe, ilitoka wapi. Ni ya Niels Bohr, Mdenmarki, mwaka wa 1913. Na usimdharau, ilikuwa kazi kubwa. Alichukua haidrojeni, atomu yenye elektroni moja, akasema nishati yake haiwezi kuwa namba yoyote tu, ni ngazi. Ngazi ya kwanza iko chini kwa elektronivolti 13.6, ya pili ni hiyo 13.6 ukigawanya kwa 4, ya tatu ukigawanya kwa 9, unaendelea hivyo. Ukihesabu elektroni ikianguka kutoka ngazi ya 3 hadi ya 2, unapata mwanga mwekundu wa nanomita 656, na kweli haidrojeni ikichomwa na umeme inatoa huo mstari mwekundu pale pale. Lakini ukichukua heliamu, elementi inayofuata tu, yenye elektroni mbili, hesabu ya Bohr inagoma. Mwaka wa 1926 Erwin Schrödinger akaleta mlinganyo mwingine uliobadilisha picha yote. Miduara ya Bohr ilitawala kwa miaka 13. Kuna matatu hapa Nairobi zimekaa barabarani zaidi ya hiyo. Sisi zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunachora miduara na hatuambiwi hata kwamba kuna kitu kilikuja nyuma yake.

Na kuna moja ambayo ilinishangaza zaidi nilipoielewa. Kwa picha mpya, elektroni ya haidrojeni ikiwa katika hali yake ya chini kabisa, ile 1s, haina mzunguko wowote wa kuzunguka kiini. Sifuri. Ule mchoro tuliochora mara nyingi kuliko yote, kidoti kimoja kikizunguka kiini kimoja, ndio mahali hasa ambapo hakuna kuzunguka. Obitali si njia kama njia ya sayari. Ni kama ramani ya mahali elektroni ina uwezekano wa kupatikana ukiitafuta. Ya s ni ya mviringo kama chungwa, kiini kikiwa katikati. Ya p ina vitumbo viwili, kimoja kila upande wa kiini. Za d nyingi zina vinne.

Sasa nilivyomweleza mdogo wangu. Yeye anaelewa mambo ya ploti, kwa sababu tumehama mara nne.

Fikiria ghorofa za kukodisha. Ghorofa ya kwanza iko na aina moja tu ya vyumba, aina ya s, na kiko kimoja. Ghorofa ya pili iko na aina mbili: s moja, na p tatu. Ghorofa ya tatu iko na aina tatu: s moja, p tatu, d tano. Ya nne inaongeza aina ya f, na hizo ni saba. Kila chumba kinaingia wapangaji wawili, hawazidi. Sasa hesabu ghorofa ya tatu: 1 na 3 na 5 ni vyumba 9, mara wapangaji 2, ni 18. Hiyo ndiyo 18 yetu ya biki nyekundu! Haikuanguka kutoka mbinguni. Nilikaa miaka na hiyo fomula bila kujua kwamba ni kuhesabu vyumba tu.

Zile namba nne za kwanta ambazo zilimtoa rafiki yangu kwa kozi ni anwani ya mpangaji. Ya kwanza, n, ni ghorofa. Ya pili, l, ni aina ya chumba, nayo inaanza 0 hadi n toa 1, ndiyo maana ghorofa ya kwanza ina aina moja na ya tatu ina aina tatu. Ya tatu, m, ni mlango upi, inatoka kasoro l hadi chanya l. Kwa hivyo l ikiwa 1 unapata kasoro 1, 0, na chanya 1, milango mitatu. Ikiwa 2 unapata mitano. Ya nne ni spini, nayo ina majibu mawili pekee, nusu chanya au nusu kasoro, yaani wewe ni mpangaji yupi kati ya wale wawili wa chumba. Mwaka wa 1925 Wolfgang Pauli alisema sheria yake: hakuna elektroni mbili ndani ya atomu moja zinaweza kuwa na anwani moja kwa namba zote nne. Basi. Hiyo ndiyo sababu chumba kinaingia wawili tu.

Hiyo spini si mapambo, by the way. Ile manjano ya chumvi ukiitazama kwa kifaa kizuri utaona si mstari mmoja, ni miwili iliyobanana, nanomita 589.0 na 589.6. Kilichoitenganisha ni spini.

Na herufi s, p, d, f? Usitafute maana kubwa. Ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza ambayo watu wa zamani waliotazama mistari ya mwanga walitumia kuielezea: mikali, mikuu, iliyotawanyika, ya msingi. Majina yalibaki hata baada ya sababu kusahaulika, kama vile stegi za Nairobi zinavyoitwa kwa jina la duka ambalo lilibomolewa kitambo.

Sasa potasiamu. Wapangaji huanza na chumba chenye kodi ya chini. 1s, 2s, 2p, 3s, 3p. Hapo umeweka elektroni 18. Ya 19 inaangalia: kuna d za ghorofa ya tatu, ziko wazi zote tano. Lakini kodi ya d ni juu. Na kuna s moja ya ghorofa ya nne, kodi yake iko chini kidogo. Inapanda ghorofa ya nne. Hiyo ndiyo 2.8.8.1. Ya 20, kalsiamu, inaingia chumba hicho hicho: 2.8.8.2. Halafu kuanzia elementi ya 21 ndipo zile d zinaanza kujazwa, elementi kumi, mpaka zinki, ya 30.

Mbona s ya mbali iwe rahisi kuliko d ya karibu? Kwa sababu obitali ya s, hata ikiwa ya ghorofa ya nne, ina sehemu yake ndogo inayopenya hadi karibu kabisa na kiini, ndani ya zile elektroni nyingine. Huko inavutwa kwa nguvu. Ya d haipenyi hivyo, inakaa nje ikikingwa na elektroni za ndani, mvuto wa kiini hauifikii vizuri. Hayo maelezo yamechukua sentensi tatu. Nimezihesabu.

Sasa wacha nivunje hii nyumba mwenyewe kabla hujahamia, kwa sababu nikikuachia hivi nitakuwa nimefanya kile ninacholalamikia. Kwanza, hakuna vyumba, nimeshasema ni ramani za uwezekano, na zinaingiliana. Pili, kodi hubadilika kulingana na nani ameingia. Hakuna landilodi anafanya hivyo, hata wa hapa. Ukishafika skandiamu, ya 21, kiini kimeongezeka nguvu na zile d zimeshuka. Kwa hivyo chuma kikipoteza elektroni, zinazotoka kwanza ni zile za 4s, si za 3d. Mwenye kuingia kwanza ndiye anatoka kwanza. Mfano wa ploti hauwezi kukuambia hivyo. Na kuna wabishi pia. Kromiamu ungetarajia iwe na d nne na s mbili, lakini ina d tano na s moja. Shaba nayo ina d kumi na s moja.

Lakini ona hicho chuma kinatupa nini. Kidato cha pili tulipewa jedwali la valensi. Chuma 2 na 3. Shaba 1 na 2. Tulikariri kama nambari za siri za M-Pesa. Chuma ni cha 26, mpangilio wake ni 2.8.14.2, na hiyo 14 ingemshtua mtu yeyote aliyeambiwa kwamba atomu "zinapenda nane". Zile mbili za 4s zikitoka, hiyo ni valensi ya 2. Ikitoka moja zaidi kutoka kwa d, zinabaki d tano, moja kwa kila chumba. Hiyo ni ya 3. Kumbe jedwali lilikuwa na sababu muda wote.

Hiyo ya moja kwa kila chumba nayo unaijua tayari kama umewahi kupanda matatu tupu. Mtu akiingia haendi kukaa kando ya mgeni wakati kuna viti viwili wazi. Kila mtu anachukua kiti chake dirishani, mpaka viti viishe ndipo tunaanza kubanana. Elektroni zinachukiana, zote ni hasi, nazo hufanya hivyo hivyo ndani ya vyumba vya aina moja. Inaitwa kanuni ya Hund.

Na ile practical ya kemia, ya kutambua rangi? Maji yenye mrututu ni ya bluu, yenye zinki salfeti hayana rangi. Tuliambiwa "shika hizo rangi zitakuja". Ayoni ya shaba imebaki na d tisa, kuna nafasi moja, kwa hivyo mwanga unaweza kurusha elektroni ndani ya d na sehemu ya mwanga inaliwa, unaona bluu iliyobaki. Zinki ina d kumi, imejaa, hakuna pa kurukia, mwanga unapita. Angalia jedwali la elementi pia, lile lililobandikwa ukutani tangu siku ya kwanza. Upande wa kushoto safu 2. Kulia safu 6. Katikati safu 10. Zile zilizowekwa chini peke yao, 14. Ni s, p, d, f, mara mbili kila chumba. Umbo lote la jedwali ni hesabu ya vyumba, na tulikaa chini yake miaka minne.

Nilimweleza hii yote beste yangu ambaye yuko mazoezi ya ualimu, anafundisha kemia. Alinisikiliza halafu akanipa ukweli wake. "Niko na darasa la watoto 62. Vipindi vine kwa wiki. Silabasi haijaisha na mwalimu mkuu anauliza wastani. Nikifungua hiyo mlango ya d, nitapata maswali hamsini na hakuna hata moja litatokea kwa KCSE."

Ana haki. Sijawahi kusimama mbele ya watu 62. Na siombi kidato cha pili kifundishwe mlinganyo wa Schrödinger, hata mimi siwezi kuutatua bila kulia. Naomba sentensi moja. Mtoto akiuliza lile swali, na kila mwaka kuna mmoja anauliza, mwambie: "Ganda la tatu lina sehemu ndani yake, na sehemu ya mwisho iko juu kidogo kuliko mwanzo wa ganda la nne. Utalisoma mbele. Swali zuri." Sekunde kumi. Silabasi haitaanguka. Yule mtoto ataenda nyumbani akijua ameona kitu cha kweli, badala ya kuenda akijua yeye ni mzito.

Beste yangu akasema, "Hiyo ya mwisho, 'swali zuri', hatujafunzwa kuisema." Tulicheka lakini haikuwa kichekesho sana.

Na nyinyi wenye channel za masomo huko TikTok, nawaona. Ile video ya "kumbuka mpangilio wa elektroni kwa sekunde 30" ina watazamaji wengi kuliko nitakavyowahi kupata. Mishale ya kushuka diagonali, 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d, mnaikariri kama wimbo. Ni sawa, inasaidia mtihani. Lakini hiyo mishale nayo ni 2.8.8.1 nyingine, imevaa nguo za chuo tu. Ongeza sekunde kumi useme kwa nini, na useme kromiamu itakusaliti. Mtu asije akafikiria ni yeye amekosea.

Rafiki yangu aliyebadilisha kozi anafanya vizuri huko aliko, asante Mungu. Nilimtumia video ya chumvi kwa gesi na maelezo ya 3s na 3p. Alikaa kama saa moja hivi hajajibu. Kisha akaandika: "Kwa hivyo swali langu la kidato cha pili lilikuwa sawa?" Sikuwa najua hata yeye aliwahi kuuliza.

Mdogo wangu naye alinimalizia gesi akijaribu chumvi, magadi, na kipande cha waya wa shaba, ambacho kilitoa kijani akapiga kelele hadi mathe akaja kuona nini kinaungua. Baadaye usiku akaniuliza kama kwa mtihani aandike 2.8.8.1 au aandike zile s na p. Nikamwambia aandike 2.8.8.1, ndiyo wanayosahihisha, na si uongo, ni hesabu ya ghorofa tu. Akaandika. Halafu kando, kwa penseli, akaweka alama ndogo ya kuuliza na herufi d.